Chupa Nzima kwa Paka Mmoja

Kuluthumu binti Kombo hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Miaka ishirini na sita ya kuuza viungo na nafaka katika soko la Biharamulo ilimfundisha kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na salamu hujibiwa. Wakulima wa Nyamahanga waliomletea maharage walishamzoea. Walipandisha bei wakiwa bado njiani, ili wakifika apate cha kupunguza. Hakuna aliyemchukia kwa hilo, maana mzani wake ulikuwa wa haki na pesa yake ilitoka papo hapo. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na nne, mwenye sauti iliyofika duka la tatu bila yeye kuipaza.

Babu mzaa babu yake alitoka Pangani na mizigo ya nguo, akaoa huku bara, akabaki. Ndiyo maana nyumbani kwao walizungumza Kiswahili tangu utotoni, ingawa Kuluthumu alijua pia Kisubi cha sokoni, na Kisukuma cha kumtosha kugombana. Mumewe, Anuar, aliendesha malori mpaka macho yake yalipoanza kumkataa. Watoto wao walishaoa na kuolewa mbali. Wa kwanza, Fathiya, yuko Tabora. Nyumbani walibaki wawili, na paka.

Paka huyo aliitwa Bizari kwa sababu ya rangi yake. Miaka sita iliyopita alikutwa ndani ya gunia la mpunga lililotoboka, kitoto cha kujaa kiganja, na hakuna aliyejua alipandia wapi. Alipokua, panya wa stoo walipungua, kisha wakahama kabisa. Ukimwuliza Kuluthumu kwa nini anamchagulia dagaa wakubwa, angekujibu kuwa mfanyakazi ana haki ya mshahara. Lakini Swabaha, jirani yake anayeuza vitenge, alishamsikia mara nyingi mchana, duka likiwa halina mtu, akimsimulia paka habari za wateja waliotoka. Mambo asiyomwambia Anuar alimwambia Bizari.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, Bizari alianza kwenda kwenye sanduku lake la mchanga na kurudi, kwenda na kurudi. Alichutama, akakaza mwili, akatoa sauti ambayo Kuluthumu hakuwahi kuisikia kwake. Mchanga ulibaki mkavu.

"Amefunga choo," alisema Swabaha kutoka mlangoni. "Mpe samli."

Alimpa samli. Jioni Bizari aliitapika yote, akaingia chini ya kitanda, akakataa kutoka hata kwa dagaa. Asubuhi Kuluthumu akampigia simu Wiston, afisa mifugo wa kata yao.

Wiston alikuwa kijana mstaarabu, mwenye adabu, na kazi nyingi kuliko mafuta ya pikipiki yake. Aliomba atumiwe ya mafuta kwanza. Kuluthumu alijaribu kupunguza, akaambiwa kwamba pikipiki haielewi kupunguziwa. Akatuma. Wiston alifika saa sita, akapapasa tumbo la paka, akasema limejaa gesi au kuna maambukizi, achomwe sindano. Dawa ipo duka la dawa za mifugo, aende akanunue.

Dukani alikabidhiwa chupa kubwa yenye picha ya ng'ombe.

"Hii ni ya nini?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo uliyoandikiwa, Mama."

"Mimi nina paka. Uzito wake hata sungura anamshinda. Nipimie kidogo."

"Mama, hawatuletei dawa za matone. Chupa hii inatosha ng'ombe kumi, na ndiyo ndogo."

Akainunua yote. Wiston akavuta humo kiasi cha kufunika kucha, akamchoma Bizari, na chupa iliyobaki ikawekwa kabatini karibu imejaa, ikimtazama Kuluthumu kila alipofungua kuchukua sukari.

Jumanne usiku hakukuwa na nafuu. Jumatano asubuhi tumbo la paka lilikuwa gumu kama limau bichi, na alipoguswa aling'ata. Wiston alirudi, safari hii bila kuulizia mafuta, akakaa kwenye kigoda na kofia mkononi.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Mimi nimesomea ng'ombe, mbuzi na kuku. Paka chuoni kwetu alikuwa ukurasa mmoja, na siku hiyo mwalimu alikuwa na safari."

"Sasa unaniambia? Sindano umeshamchoma!"

"Nilidhani itasaidia."

Kuluthumu alitaka kumfokea hadi mtaa usikie. Lakini kijana alikuwa ameinamia viatu vyake kwa aibu ya kweli. Wiston akampa namba ya kliniki ya wanyama ya Mwanza.

Sauti iliyopokea ilikuwa ya upole sana. Ilimsikiliza, ikamwuliza kama paka ni dume, ikasema inawezekana njia ya mkojo imeziba, na kwamba hilo halingoji. Kisha ikaanza kutaja: kumwona daktari kiasi fulani, vipimo kiasi fulani, kumfungua njia, kulazwa, dawa za kwenda nazo nyumbani. Kuluthumu, anayejumlisha kichwani kwa kasi kuliko kikokotoo, alifika laki nne na nusu kabla ya nauli.

"Dada, hapo mwisho kabisa ni ngapi?"

"Mama, ndiyo bei zetu."

"Hakuna maongezi?"

"Samahani, Mama. Hata sisi hatuzipangi kwa kupenda."

Alikata simu, akaikodolea macho kama imemtukana. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametajiwa bei ya kwanza ambayo ndiyo ya mwisho.

Anuar alikuwa ameketi barazani, akisikia yote. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mlikuwa na pesa iliyokuwa ikikusanywa tangu mwezi wa kumi kwa ajili ya miwani yake. Daktari wa macho alishampima, alishamwandikia, na kila ilipokaribia kutosha palitokea jambo.

"Mama Fathiya," alisema taratibu, "usiniambie unawaza lile kopo."

Kuluthumu alitazama mlango wa chumbani.

"Mimi sioni namba za basi. Juzi nimemwamkia mgomba, nikadhani ni mzee Suleman. Ukaniambia nisubiri, mpunga ukiuzwa. Nimesubiri. Sasa paka anaugua siku tatu, na kopo linafunguliwa?"

"Wewe hufi kwa kutoona namba ya basi, Baba Fathiya. Huyu atakufa."

"Paka hufa. Ndiyo kawaida yao."

"Basi mfuate mle chini ya kitanda ukamwambie mwenyewe!"

Walikuwa na miaka thelathini na mbili ya ndoa, na ugomvi wao wa kawaida ulikuwa wa maneno mengi na dakika chache. Huu ulikuwa wa maneno machache, ukakaa mpaka mchana. Kuluthumu alijua mumewe ana haki. Hilo ndilo lililomwudhi zaidi, kwamba hakuna aliyekuwa na makosa wa kumgombeza: si Wiston, si yule dada wa Mwanza, si Anuar, wala si paka aliyeziba bila kuomba. Swabaha, aliyepita kuazima kibiriti, alicheka mpaka akashika mlango. "Paka wa laki nne na nusu! Kuluthumu, si ningekuuzia wa kwangu kwa elfu mbili?" Kuluthumu alimnyang'anya kibiriti.

Saa tisa Wiston alipiga simu, ameulizia kwa wenzake. Kuna daktari mstaafu, mwanamke, anaitwa Adelfina, yuko Murusagamba kule Ngara. Alifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, akitibu mbwa na paka wa watu wenye nafasi. Sasa analima, ila mtu akimfikia na mnyama hamfukuzi.

Anuar alisikia. Aliingia ndani, akatoka na kopo, akaliweka mezani mbele ya mkewe, akarudi barazani. Kuluthumu angependa amtukane. Alihesabu alichokihitaji, akafunika kopo na kilichobaki, akamlaza Bizari kwenye kapu la ukili, juu ya kanga kuukuu.

Alipanda gari la mwisho la kuelekea Ngara. Kwenye kizuizi cha mazao na mifugo kilichoko njiani, mtumishi mmoja mwenye daftari aliingia ndani kukagua mizigo, akasikia sauti kutoka kwenye kapu.

"Mama, mna nini humo?"

"Paka mgonjwa, anakwenda kwa daktari."

"Kibali cha kusafirisha mifugo unacho?"

Gari zima likageuka. Kuluthumu alivuta pumzi ndefu. "Kibali cha paka?"

"Mnyama ni mnyama, Mama. Mimi nafuata utaratibu. Ila naweza kukuandikia hapa hapa." Akafungua daftari, akapitisha kalamu kwenye orodha kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. "Hapa pana ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda na kuku. Paka hayumo."

"Kama hayumo, maana yake hahitaji kibali."

"Hayumo, lakini yumo garini. Nikuandikie kuku?"

"Ana manyoya ya kuku huyu?"

"Basi mbuzi. Ana miguu minne."

Abiria wakaangua kicheko. Kondakta alianza kupiga kelele kwamba wanachelewa. Kuluthumu alilipia kibali cha mbuzi mmoja, akaandikiwa kwa mwandiko mzuri kwamba anamsafirisha mbuzi dume, rangi ya manjano, kwa ajili ya matibabu. Alikikunja kile kikaratasi mara nne, akakitia kwenye pochi. Alitaka kucheka na wenzake, lakini Bizari alikuwa amenyamaza ndani ya kapu, na ukimya ule haukuwa wa usingizi.

Alishuka njia panda, akachukua pikipiki. Kupita Bugarama barabara iliharibika, mashimo na mawe na madaraja ya miti, na dereva akamtaka aongeze nusu ya nauli kwa sababu ya vumbi. Kuluthumu aliongeza bila kubishana. Mkono mmoja ulishika kapu, mwingine ulikuwa ndani ya kapu, ukisikiliza kama mbavu bado zinapanda na kushuka.

Adelfina alikuwa bustanini, mwanamke mrefu wa miaka sitini na sita, na buti za mpira miguuni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Ni paka au sungura?"

"Paka. Dume. Hakojoi siku ya tatu."

Adelfina hakuuliza jingine. Alinawa mikono, akamtoa Bizari kwenye kapu, akalishika lile tumbo kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika. "Ingia. Haraka."

Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo yenye meza ya mbao iliyofunikwa plastiki. Alivunja kifuniko cha chupa ndogo ya dawa ya usingizi, akapima kidogo, akamchoma. Bizari alilegea. Akachukua mrija mwembamba kuliko mswaki wa mti, akaufanyia kazi kwa subira, akirudisha nyuma, akijaribu tena, akipuliza maji kidogo kidogo. Kuluthumu alisimama kwa mguu mmoja bila kujua. Kisha kitu kikalegea, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi ukaanza kutoka, ukiwa na mchanga mchanga ndani yake, ukaendelea kutoka mpaka kibakuli kikajaa.

"Alhamdulillahi," alisema Kuluthumu, akaketi juu ya gunia la mbolea.

"Unamlisha nini?"

"Dagaa. Wakavu. Wakubwa wa kuchagua."

"Na maji?"

"Yapo. Hanywi sana."

"Dume mnene, anakaa dukani kutwa, anakula vikavu, hanywi. Huo ndio ugonjwa. Umempenda kwa dagaa."

Kuluthumu alikuwa ameshaambiwa mengi siku tatu zile, lakini hilo lilimwingia mahali ambapo hakuna aliyepagusa. Aliambiwa mrija utabaki ndani siku mbili, na kwamba kuna kitanda cha wageni.

Kulipokucha, baada ya chai na ndizi za kuchemsha, waliongea bei.

"Laki moja na hamsini," alisema Adelfina.

Kuluthumu alikuwa amejiandaa kwa hilo usiku kucha. "Daktari wangu, kwa laki moja na hamsini naweza kununua paka wote wa wilaya yako."

"Nunua, basi. Huyu niachie."

"Nisikilize. Laki."

"Mama Biharamulo," Adelfina alisema, akiweka kikombe chini, "kazi yangu hapo ni elfu arobaini, na hiyo punguza kama roho yako inataka. Mrija umetoka Dar es Salaam, nimeletewa na mtu aliyekuja msibani. Ile chupa ya usingizi naagiza, inasafiri kwenye barafu ya kuomba, na nikishaifungua ina siku ishirini na nane. Paka wako ametumia tone. Kwa mwaka napata wanyama wawili, watatu wanaoihitaji, na hawaji mwezi mmoja. Kwa hiyo kila mmoja ananunua chupa nzima. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawatoza kwa tone. Niliuza ndama wangu kulipa deni la chupa."

Kuluthumu alitafuta shimo kwenye hesabu ile, kama anavyotafuta jiwe kwenye mchele. Hakulipata. Alilipa laki moja na hamsini, bila shukrani na bila salamu, akatoka nje kusimama kwenye migomba mpaka hasira ipoe. Chupa nzima tena! Kabatini kwake kulikuwa na dawa ya ng'ombe kumi, na hapa dawa ya kulaza mtaa mzima wa paka. Nani aliyeamua kwamba viumbe wadogo wauguzwe kwa chupa za viumbe wakubwa?

Alasiri ya siku hiyo alikuja mwanamume akisukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga gunia lenye damu, na mkungu wa ndizi ulining'inia kwenye usukani. Aliitwa Habimana, mkulima wa mtaa wa pili. Ndani ya gunia mlikuwa na mbwa.

"Daktari, nguruwe pori," alisema akihema. "Ameingia kwenye mihogo, mbwa akamzuia. Amempasua hapa mpaka kule."

Lilikuwa jeraha refu kwenye paja, na nyama ilionekana. Adelfina alilitazama, akamtazama Habimana.

"Una nini?"

"Nina huu mkungu. Na elfu tano."

"Hiyo inatosha uzi na sindano. Dawa ya usingizi haitoshi. Itabidi umshike."

"Nitamshika."

Walimlaza kwenye ile meza ya plastiki. Habimana alimkumbatia mbwa shingoni, akamwekea shavu lake juu ya sikio, akawa anamwambia maneno ya Kihangaza polepole. Adelfina aliosha kidonda. Alipopitisha sindano mara ya kwanza, mbwa alilia mlio uliosikika kilima cha pili, na Habimana akafumba macho kana kwamba anashonwa yeye. Chumba cha pili, ndani ya kapu, Bizari alisimamisha masikio.

Kuluthumu aliziba yake kwa viganja. Mara ya pili. Mara ya tatu aliingia stoo kama mtu anayekuja kudai.

"Simama hapo! Ile chupa yangu iko wapi?"

Adelfina hakuinua kichwa. "Kwenye rafu."

"Nimeilipia nzima?"

"Nzima."

"Itaharibika?"

"Ndani ya mwezi, isipotumika."

"Sasa unamshona mbwa wa watu anapiga kelele, na dawa imekaa hapo inakutazama? Mdunge!"

"Si yangu. Umeinunua wewe."

"Mbona hukuniomba?"

Adelfina ndipo alipomtazama, na uchovu wa miaka ukaonekana wazi machoni pake. "Nikikuomba wewe leo, kesho nitamwomba nani? Anayekuja hapa kila mtu ana mnyama wake na shida yake. Nimeacha kuomba."

"Mdunge," alirudia Kuluthumu, na sauti yake haikuwa ya huruma hata kidogo. Ilikuwa ya mtu aliyechoshwa. "Mdunge, yatuishe."

Mbwa alilala. Kazi ikaenda kimya, mishono kumi na saba. Habimana alikaa chini sakafuni, akifuta uso kwa kofia. Alipoondoka alimwachia Kuluthumu ule mkungu wa ndizi, na Kuluthumu alikataa, na Habimana alikataa kukataliwa. Adelfina alisema hautaki, yeye migomba anayo ya kutosha kumzika. Kwa hiyo mkungu ukabaki kwa mgeni.

Usiku walipokuwa wanakula, Kuluthumu aliuliza, "Chupa moja inatosha paka wangapi?"

"Wanane. Kama si wanene kama wako."

"Na wakija wanane siku moja?"

"Wanalipa kidogo kila mmoja, na hakuna kinachotupwa. Lakini watatoka wapi? Mimi mguu hauniruhusu kuzunguka."

"Nikikutumia nauli, utafika Biharamulo?"

"Nauli tu? Bila kupunguza?"

"Daktari, usinichokoze."

Alirudi nyumbani Jumamosi, na Bizari aliyekonda, na mkungu uliomlazimu kulipia nafasi ya pili kwenye pikipiki. Anuar alikuwa ameshinda dukani peke yake siku tatu, na kwa macho yale alikuwa ameuza iliki kwa bei ya binzari nyembamba na kuwarudishia watu noti zisizo zao. Anuar alipiga magoti mbele ya kapu, akamsogelea paka mpaka pua zikakaribiana, ndipo akamwona vizuri.

"Umepona, mla miwani?" alisema.

Mpunga uliuzwa mwezi wa nne, na pesa yake haikupita kwenye kopo. Kuluthumu alimpeleka mumewe mwenyewe, akasimama naye mpaka miwani ikawa usoni. Bei aliyotajiwa alilipa. Siku hiyo Anuar alisoma kwa sauti kila kibao njia nzima ya kurudi, hata vya matangazo ya dawa za nguvu za kiume, mpaka mkewe akamwomba anyamaze.

Ile siku ya wanyama wadogo aliipanga kwa mwezi wa tano. Alitangaza sokoni, Wiston akatangaza kwa watu wake. Wenye mbwa na paka ishirini na watatu walijiandikisha, na Kuluthumu akawaambia walete mchango mapema ili chupa iagizwe. Wakaitikia wote. Waliolipa walikuwa saba, na siku yenyewe ilipofika, Adelfina akiwa ameshaketi uani mwa duka tangu saa mbili, walikuja watatu. Mmoja alisema amesahau paka nyumbani. Kuluthumu alikwenda mlango kwa mlango, akiwa amejifunga kanga kiunoni. Alimkuta mtu amelala. Alimkuta mwingine amemfungia mbwa na kusafiri. Swabaha alitokea saa nane, kapu limefunikwa kitambaa, akitazama huku na huku kama mwizi.

"Usiseme lolote," alisema Swabaha.

"Sijasema."

"Ana kidonda sikioni."

"Mchango ulilipa?"

"Kuluthumu, jirani yako mimi!"

"Elfu nane. Wa elfu mbili umewauza wote?"

Swabaha alilipa. Chupa ilibaki nusu siku ile, na gharama ya nusu ile ilimwangukia Kuluthumu, ambaye hakulala vizuri kwa juma zima. Adelfina alipoondoka alimwambia mara ya kwanza kwake Murusagamba hakuja mtu hata mmoja. Mwezi wa nane walikuja kumi na mmoja. Mwezi wa kumi na moja walikuja kumi na tisa, na mmoja alileta ng'ombe, akakasirika alipoelekezwa kwa Wiston.

Bizari sasa anakula dagaa waliolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, na anawachukia. Kila asubuhi humtazama mwenye nyumba kwa chuki, na kila asubuhi humwagiwa mchuzi mpaka anywe. Ameziba mara nyingine moja, mvua zikiwa zimekata barabara. Wiston, ambaye Adelfina alimfundisha, alimzibua mwenyewe, jasho likimtoka. Alifanikiwa mara ya tano. Kuluthumu alimpa pesa, akampa na kilo mbili za mchele, kisha akamlaumu kwa zile nne za mwanzo.

Lakini Adelfina ameshasema. Mwakani anafikisha sitini na saba, mguu unazidi, na barabara ya Bugarama haijawahi kumwonea huruma mtu. Hatakuja tena baada ya mwezi wa pili. Kwa hiyo Kuluthumu na Wiston waliandika barua kwa ofisi ya wilaya, ya kuomba daktari wa wanyama wadogo, hata wa kufika mara nne kwa mwaka. Ilipigwa mhuri wa kupokelewa. Kuluthumu alipoifuatilia mara ya kwanza, aliambiwa inafanyiwa kazi. Mara ya pili, mhusika alikuwa semina. Mara ya tatu aliulizwa kama anayo nakala, maana ile ya kwanza haionekani.

Anayo. Ana nakala sita. Jumatano atafunga duka saa nne, Anuar atabaki na funguo, naye atakwenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi hiyo, na chakula chake kwenye bakuli, na sauti yake.